Joto la Marehemu

Habari ya kifo cha Fundi Otmari ilinikuta nikifumua pindo la sare ya shule kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza nililifumua kwa sababu mshono ulipinda kidogo karibu na ubavu. Mara ya pili ni kwa sababu uzi ulikuwa mweusi na kitambaa kilikuwa cha buluu iliyokolea, tofauti ambayo hakuna mtu angeiona zaidi yangu. Jirani yetu wa zamani wa Mbinga alipiga simu, akasema fundi amefariki alfajiri na mazishi ni kesho kutwa. Nikamshukuru, nikaweka simu chini, nikaendelea na kiwembe changu. Nilipokuja kutazama, nilikuwa nimeshafumua mpaka sehemu ambayo haikuwa na kosa lolote. Nikafunga duka langu hapa Mbamba Bay, nikakunja khanga mbili na sweta, na kesho yake nikapanda kwenda juu. Walionisindikiza stendi walinipa pole, nikaipokea, maana ningewaelezaje kwamba nakwenda kwenye msiba ule kama mtu anayewahi kuchukua kitu chake kabla nyumba haijafungwa. Nakiri mapema ili msomaji asije akanipenda kwa makosa: sikwenda kumlilia. Nilikwenda kumwona akiwa kimya mbele za watu, kama mimi nilivyonyamazishwa mbele za watu nikiwa na miaka kumi na tisa.

Ulikuwa mwaka ambao ruksa ya biashara huria ilikuwa imekwisha kufika mpaka kwetu kusini. Sabuni za rangi zilikuwa madukani, redio zilikuwa mezani, na milimani wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuonekana na magari yao, wakati wazee bado wanabishana kama kumuuzia mgeni ni halali. Nilikotoka na sababu ya kuacha shule nitaviruka, havina msaada hapa. Inatosha kusema kwamba kushona nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua nguo kuukuu na kuzirudisha zilivyokuwa, na nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kila kitu kinyooke. Nilihesabu mishono. Nikilala niliiota. Fundi Otmari alinichukua kwa majaribio baada ya kunipa tundu la kifungo nilishone; alilishika, akaligeuza upande wa nyuma, kisha akasema, "Hawa Wanyasa, kumbe vidole vyao havijui usipa peke yake." Wateja wakacheka na mimi nikacheka. Nilikuwa radhi kuchekwa na mtu yeyote aliyeangalia upande wa nyuma wa mshono.

Nyumba yake ilikuwa karibu na soko, karakana mbele yenye cherehani mbili na meza ya kukatia, nyuma chumba cha kulala cha wenye nyumba, stoo niliyolala mimi, na jiko la nje lenye moshi usiokwisha. Mke wake, Mama Valeria, alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Aliniita mwanangu tangu siku ya pili. Asubuhi alinipa uji wa mahindi ambao kijiko kilisimama ndani yake, na mchana ugali na maharage, na akipata wale dagaa wetu wa usipa sokoni aliniwekea mimi wengi kuliko mumewe, akisema mtoto wa ziwani asipoona samaki hata macho yanamfifia. Wamatengo wale, waliolima kahawa tangu babu zao, hawakuinywa. Walikunywa chai yenye tangawizi, na mimi nililishika bakuli kwa mikono miwili hata baada ya kwisha, kwa ajili ya joto lake. Sikuwa nimewahi kuijua baridi. Ziwani upepo unaweza kukupiga lakini mchanga una joto. Mbinga, mwezi wa sita, ukungu uliingia ndani kama mtu mwenye haki ya kuingia, na vidole vyangu vilikufa ganzi nikashindwa kutunga uzi sindanoni. Fundi alipenda kuita watu waje waone. "Njoni mwone dagaa anavyokauka bila jua."

Ndipo yalipoanza kuja makoti ya godoro. Yalikuja kwenye marobota ya mitumba, yamebanwa mpaka yamekuwa bapa kama chapati, na ukiyakung'uta yanavimba taratibu, yakijigawa katika mistari minene kama godoro la sponji, na ndivyo yalivyopata jina. Mitumba wakati huo bado tuliiita kafa Ulaya. Watu waliamini kabisa kwamba kila nguo ile ilivuliwa maiti, na kwa kuwa hawakutaka kulala na ugonjwa wa mtu wasiyemjua, walikuwa na desturi yao: nguo yoyote ya robota ilichemshwa kwanza. Mama wa nyumba aliweka pipa jikoni, maji, majivu, wengine na majani machungu waliyoyajua wao, na nguo ikatokota mpaka marehemu atoke. Kwa shati hakuna madhara. Koti la godoro lilipotoka pipani lilikuwa zito kama mtoto aliyelala, na likikauka lilibaki na mabonge magumu pembeni mwa mishono na katikati kitambaa kitupu. Mtu akilivaa asubuhi ya ukungu alisikia baridi kuliko asiyevaa kitu. Nilisikia wanawake wakilizungumza hilo kwenye benchi la karakana kwa sauti ya chini. Walisema marehemu amerudi kuchukua joto lake. Hakuna aliyemlaumu; ni lake.

Mimi sikuweza kukubali. Si kwa sababu ya akili nyingi. Ni ule ugonjwa wangu wa kutaka kujua upande wa nyuma. Mwanamke mmoja wa Namswea aliliacha koti lake karakanani akisema tulikate matambara, nikalifumua mkono mmoja mchana, fundi akiwa kwenye kikao cha kwaya. Ndani nilikuta vitu viwili. Kulikuwa na manyoya ya kawaida, madogo, yaliyopinda kidogo, kila moja na uti wake katikati kama jani la mgomba, na pande mbili zilizoshikana. Na kulikuwa na kitu kingine, kingi zaidi, kilichogandamana kama pamba ya kitanda cha zamani. Nilipokitenganisha kwa ncha ya sindano nikakijua. Kwetu ziwani, ukimchinja bata na kumtia maji ya moto, manyoya ya juu yanang'oka kwa ukucha, lakini chini yake, kifuani hasa, kuna yale laini yanayogoma, yanayokuganda vidoleni na kukuingia puani, mpaka umbabue bata mzima juu ya moto ndipo yaishe. Tuliyaita malaika, kama tunavyoviita vinywele vya shingoni mwa mtoto mchanga. Utoto wangu wote nimeyalaani malaika ya bata. Sikuwahi kujiuliza yanamfanyia kazi gani yeye, aliyeketi majini alfajiri bila kutetemeka.

Nikaanza kuyachunguza kama mtu aliyepewa mtihani. Ulaika mmoja hauna uti. Una kiini kidogo kama kichwa cha sindano, na kutoka hapo nyuzi zinakwenda pande zote, kila uzi una vinyuzi vyake, na zote zinasukumana zisikaribiane. Unyoya unalala bapa juu ya mwenzake, kama vigae. Kazi yake ni kuteleza maji na kuzuia upepo. Ulaika haulali. Ukiubana kwenye kiganja unapotea, ukiachia unarudi, na katika kurudi kwake umeshika hewa. Hapo ndipo nilipoelewa, nikitazama kuku wa Mama Valeria waliojivimbisha ukutani asubuhi wakawa mara mbili ya ukubwa wao: joto halikuwa ndani ya manyoya hata kidogo. Joto lilikuwa la aliyevaa mwenyewe, na malaika yalichofanya ni kuikamata hewa iliyokwisha kupashwa na mwili na kuikataza isiende. Yakilowa yanashikana, hewa inakosa pa kukaa, na joto linatoka. Hakuna marehemu aliyechukua kitu. Walikuwa wamempika wakamgandisha.

Kwa kuwa siwezi kuamini kitu mara moja, nilishona vifuko vitatu vya kitambaa kimoja, kimoja nikajaza manyoya ya kuku, cha pili malaika makavu, cha tatu malaika yaliyolowa. Katika kila kimoja nikatia kiazi kitamu kilichotoka motoni, ukubwa ule ule. Nikapiga pasi sketi mbili, nikavifungua. Kiazi cha malaika makavu kiliniunguza. Cha kuku kilikuwa vuguvugu. Cha malaika mabichi kilikuwa kimepoa kuliko kile nilichokiacha wazi mezani. Nikarudia siku saba. Mama Valeria alikula viazi vyote ishirini na kitu na hakuniuliza chochote, ila siku ya saba akasema kama naanza uganga niseme mapema, asije akakosa sehemu yake.

Kuyafufua kulinichukua wiki mbili za makosa. Juani moja kwa moja yalikauka nje, ndani yakavunda. Karibu na moto yalinuka nywele zilizoungua. Hatimaye nilifanya kama wanavyoanika kahawa: nikalitandaza koti juu ya kichanja cha Mama Valeria, chini ya kitambaa chembamba, nikaligeuza kila baada ya muda mfupi, na kila nilipoligeuza nikalipiga kwa fimbo mbili nyepesi na kuyavunja mabonge kwa vidole kupitia kitambaa. Siku ya nne lilianza kupumua. Si yote yaliyorudi, mengine majivu yalikuwa yameshayala, lakini koti lilivimba, na nilipolivaa nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu nipande mlima ule. Nililia kidogo. Kisha nikamwonyesha Fundi Otmari kila kitu: vifuko, viazi, kichanja, fimbo. Alinisikiliza vizuri sana. Aliuliza maswali ya mtu mwenye akili. Kesho yake alipaka mlangoni maandishi ya rangi nyeupe: FUNDI WA KUFUFUA MAKOTI, na mteja wa kwanza alipouliza imekuwaje, akamweleza habari ya viazi, kiazi baada ya kiazi, akisema mimi, mimi, mimi. Nilikuwa nimekaa mita moja kutoka kwake. Nilijiambia ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi. Sikuchukia bado. Nilikuwa na kazi niliyoifanya bila kosa, na makoti ya watu yalirudi nyumbani yakiwa na joto, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa karibu kutosha.

Mmoja wa walioletewa joto lao alikuwa Mwalimu Kinunda, mwalimu mstaafu mwenye kifua kibovu, aliyetembea kila alfajiri kwenda misa hata mvua inyeshe. Koti lake la kijani lilikuwa zuri kuliko yote, na alilichukua kwangu, si kwa fundi, akanishika mkono na kusema, "Binti, umenirudishia miaka miwili." Nimelitunza neno hilo. Nalitaja ili ieleweke nilinyang'anywa nini.

Katikati ya msimu akaja mnunuzi wa kahawa, mtu wa pwani, mnene, mwenye sauti ya kukubalika, aliyekuwa akiteseka kwa baridi kuliko mimi. Nilikuwa nyuma ya pazia nikipiga pasi. Alisema ameona makoti ya watu wa hapa, anataka lake, jipya, la kipimo chake, nene kuliko yote, na akilipata sare zote za vibarua wake wa msimu zitashonwa hapa. Otmari akamwambia atalipata. Mnunuzi akauliza manyoya yenyewe yatatoka wapi. "Mzee," Otmari akasema, "fundi hakosi cha kujazia." Siku mbili baadaye akaniambia nishuke ziwani nikapumzike wiki moja, nimefanya kazi sana. Mama Valeria alinifungia mzigo wa unga na maharage, mkubwa, mwepesi kidogo kwa ukubwa wake kwa sababu aliweka na mto wa sufi kwa ajili ya nyumbani. Niliondoka nikiwashukuru wote wawili.

Niliporudi, wa kwanza kufika alikuwa Mwalimu Kinunda. Alikuwa akikohoa. Alilaza koti lake la kijani mezani, akasema kwa upole kwamba fundi alilichukua wiki iliyopita kulikagua, na tangu limerudi halishiki joto, tena linachoma. Nikapitisha kiganja na kijiti kikanidunga kidole. Nilichomoa kupitia kitambaa unyoya mwekundu wa kuku, mzima, na uti wake. Karakanani walikuwapo wateja watano. Nilisikia Otmari akisimama nyuma yangu. Hakupaza sauti. Alisema alikuwa amelificha jambo hili kwa aibu, lakini sasa afanyeje. Akasema nani ndani ya nyumba hii aliyekuwa akifungua na kufunga makoti ya watu. Akasema, "Muulizeni mwenyewe, ule mzigo mkubwa alioshuka nao ziwani ulikuwa wa nini." Wawili kati ya wale watano walikuwa wameniona stendi na mzigo ule. Mtu mwenye hofu ya kukosea anapotuhumiwa hujitafuta kwanza mwenyewe kosa, na wakati nikijitafuta wao walikwisha kuliona. Mwalimu Kinunda alinitazama. "Hata la mzee, binti?" akasema, na akatoka bila koti.

Kwa siku mbili hivi makoti kumi na moja yalirudishwa, yote ya kuku, na Otmari alimwahidi kila mwenye koti kwamba atarekebisha bure uharibifu wa yule mwizi. Watoto wa sokoni walinipigia mabawa nikipita kwenda bombani. Mimi alinieleza faragha, kwa sauti ya baba, kwamba hatanipeleka kwa mtendaji wa kata, nitamaliza koti la mnunuzi kisha niende kwetu. Hakuwa na jinsi. Ile mishono ya vyumba, midogo, inayozuia malaika yasikimbilie chini, mikono yake haikuiweza. Akanitolea gunia kutoka chini ya kitanda chake. Gunia la mahindi, limejaa mpaka mdomoni, na nililinyanyua kwa kidole kimoja. Hakuona hata haya ya kunificha. Aliamini kwamba mtu aliyeitwa mwizi hana wa kumwambia.

Alikosea jambo moja tu: alinipa siku kumi, gunia, makoti kumi na moja, na chumba chenye mlango. Mchana alikuwa akizunguka na mnunuzi, akijionyesha. Nilikaa na kufumua. Nilitoa kuku kutoka koti la kwanza, nikarudisha malaika, nikafunga mshono mahali pale pale pa matundu ya zamani, kisha la pili, kisha la tatu, na la Mwalimu Kinunda nililijaza zaidi ya lilivyokuwa. Malaika yale hayakutosha kuwa ya kila mtu sawasawa na nilipima kwa kikombe mpaka yakatosha. Na kuku wote, weupe, wekundu, wa madoa, na vijiti vyao vikali ambavyo ningeweza kuvikata na sikuvikata, niliwatia katika koti la mnunuzi. Niliwaanika kwanza juani ili wavimbe. Bitana nilichagua ya kitambaa chenye nyuzi zilizoachana. Kwenye ukosi na kwenye vifundo vya mikono, mahali ambapo mnunuzi angeweka mkono kwanza, niliweka malaika konzi mbili. Sijawahi kushona kitu kizuri kama lile koti. Kila chumba kilikuwa sawa na mwenzake. Nilifumua mstari mmoja wa mgongoni mara nne kwa sababu ulikosea kwa upana wa uzi, katika koti ambalo nililishona ili liharibike, na sitaki kujifanya sikufurahi. Nilifurahi kila siku kati ya zile kumi. Nilikula ugali wangu wote. Mama Valeria alisema nimeanza kunawiri.

Otmari alibana ukosi kwa vidole viwili. "Hapa mtu analala Ulaya," akasema. Mnunuzi alilivaa palepale na kuondoka nalo.

Lilidumu siku sita. Habari zilitufikia sokoni kutoka njia ya Mpepai, alikokuwa akipima kahawa, watu wamepanga foleni na magunia yao na manyunyu yakaanza. Koti likalowa mabegani, na likaanza kunuka banda. Kisha kila alipoinua mkono kusoma mizani, vijiti vilipenya bitana na vingine vikatoka nje, unyoya mmoja mmoja, vikamwangukia juu ya kahawa. Mzee mmoja aliyekuwa mbele ya foleni akamuuliza kwa heshima yote, "Mheshimiwa, na kutaga ni lini?" Mpaka jioni kila kituo cha kununulia kilikuwa na jina lake jipya. Alirudi Mbinga akalitupa koti mlangoni kwetu mbele ya soko zima, akasema maneno ambayo sitayaandika, na sare za vibarua hazikuja tena, wala mteja mwingine yeyote mwenye gari. Nilisimama nyuma ya pazia lile lile. Otmari aliokota koti, akalibana ukosi, akalibana kifua, akaelewa. Aligeuka kutazama pazia. Angesema nini: kwamba malaika aliyoiba yameibiwa?

Lakini hapa ndipo hesabu yangu ilipokosea, mimi niliyehesabu mishono. Wale kumi na mmoja walikuja, wakachukua makoti yao yenye joto, na wakamshukuru Fundi Otmari kwa kurekebisha uharibifu wa mwizi. Alipokea shukrani zao. Mwalimu Kinunda alimbariki. Ili niseme ni mimi niliyerudisha, ningepaswa kusema nilichoweka kwenye koti la mnunuzi, na mnunuzi alikuwa mtu wa kunifunga. Nilishuka ziwani nikiwa nimelipa kisasi kizima na bado naitwa mwizi. Mwalimu alifariki miaka miwili baadaye akiniamini hivyo. Otmari aliuza cherehani moja, kisha ya pili, akaishia kushona mikoba na magunia sokoni, na kila niliposikia anguko jingine nililipokea kama barua njema. Watu wenye roho safi husema kisasi hakishibishi. Mimi kilinishibisha. Kilichoniua kwa njaa miaka yote ni lile jina.

Msibani nilikuta mahema mawili na watu wengi kuliko nilivyotaka. Niliwaamkia wazee, nikaketi kwenye mkeka na wanawake. Mama Valeria alikuwa karibu na jeneza, amekwisha, mikono ile imebaki mifupa, na hakuinua macho. Kijana wa ukoo akasoma historia ya marehemu, alikozaliwa, sakramenti zake, kwaya, na kisha akasoma kwamba katika miaka ya ruksa marehemu aligundua, kwa akili aliyojaliwa na Mungu, namna ya kufufua makoti yaliyokufa, kwa kutumia viazi vitamu. Watu walitikisa vichwa kwa kumbukumbu njema. Mama mmoja pembeni yangu akanong'ona kwamba na hapo ndipo alipoharibiwa na mwizi mmoja wa ziwani. Nikaona vidole vyangu vinatafuta mshono wa khanga.

Msemaji wa familia akafuata na lile tangazo la kila msiba: kama yupo anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, ajitokeze kwa familia. Kwa kawaida watu husubiri, huenda pembeni, huongea kwa sauti ndogo. Mimi nilisimama.

"Namdai," nikasema. "Si pesa. Aliniita mwizi mbele ya watu watano. Sikuiba. Nadai jina langu."

Msemaji alisema kwa upole, mama, hayo tutakaa na familia baada ya mazishi. Wengine wakaguna nikae. Ndipo Mama Valeria alipoinua kichwa, na nikajua alikuwa ameniona tangu nilipoingia.

"Mwacheni asimame," akasema. "Hakuiba. Otmari alijaza gunia, mimi nilimshikia mdomo wa gunia. Na ule mto wa sufi nilimfungia mimi, mzigo uonekane mkubwa."

Nilimtazama mwanamke aliyenipa uji uliosimamisha kijiko, na miaka yote ya hasira yangu ikawa inamtafuta mtu mwingine wa kumkalia. Nilikuwa nimemchukia mtu mmoja kwa uangalifu mkubwa sana, na nusu ya chuki hiyo ilikuwa imepelekwa nyumba isiyo yake.

"Sasa na wewe sema," akaendelea, bado kwa sauti ile ya jikoni. "Koti la mnunuzi. Tulikula magimbi miaka miwili. Nani alilijaza kuku?"

Nikaangalia jeneza, nikaangalia hema lililojaa watu wa Mbinga. "Mimi," nikasema. "Nililishona vizuri, na nikalijaza kuku."

Nyuma kabisa mzee mmoja alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, akajifunika mdomo kwa kofia. Mama Valeria akaniuliza kama naomba radhi.

"Siombi, mama."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kipimo alichokitarajia. "Na mimi siombi," akasema, akajirudishia khanga kichwani.

Nilikaa. Mama wa pembeni yangu alisogea kidogo, sijui ni kwa kunipa nafasi au kunikwepa. Msemaji wa familia akakunja karatasi yake, kisha akauliza kama yupo mwingine anayedai. Hapakuwa na mtu, na wanaume wakasimama kunyanyua jeneza.